Kura ya hatifungani ya chuo cha jamii, California: bidhaa nzuri yenye lebo mbaya

Sheria ya California inaipa hoja ya hatifungani, yaani ombi la kukopa linalopelekwa kwa wapiga kura, maneno 75 kwenye karatasi ya kura, hayazidi. Ndani ya maneno hayo chuo cha jamii lazima kitaje kiasi kinachokopwa, makadirio ya kodi na muda itakaotozwa. Nafasi inayobaki hujazwa wauguzi, wazima moto, askari wastaafu, paa zinazovuja na asbesto. Hoja karibu zote husomeka hivyo kwa sababu kabla ya kuandikwa, washauri wamekwisha kuwapigia simu wapiga kura na kupima ni neno lipi linaleta “ndiyo” na lipi linaifukuza. Anayeamua kwa lebo hiyo peke yake amenunua kanga kwa jina lake bila kuikunjua.

Tunachopima hapa ni bidhaa yenyewe: hatifungani inayopigiwa kura chini ya Proposition 39, hoja ya jimbo zima ya Novemba 2000 iliyoshusha kiwango cha ushindi kutoka theluthi mbili hadi asilimia 55. Njia ya zamani ya theluthi mbili bado ipo, ila ni vyuo vichache vinavyoitaka. Mifano inatoka zaidi Los Angeles na San Diego, wilaya mbili kubwa za vyuo zenye historia ndefu ya kukopa kwa njia hii. San Diego inawagusa wasomaji wa Kiswahili moja kwa moja: City Heights wanaishi wakimbizi wengi kutoka Kongo na Afrika Mashariki, na kampasi ya Mid-City ya San Diego College of Continuing Education, wanakojifunza Kiingereza bila ada, iko mtaani humo humo.

Kilichomo kwenye boksi

Bodi ya wadhamini ya chuo inakopa kwa wawekezaji, kisha deni linalipwa kwa kodi ya majengo na ardhi ya kila mwenye mali ndani ya wilaya ya chuo, iwe nyumba ya kuishi, duka, ghala au kiwanja kitupu. Fedha hizo zinaweza kujenga, kukarabati, kununua ardhi na kuweka vifaa. Haziwezi kulipa mishahara ya walimu na watawala, wala gharama za uendeshaji. Katazo hilo limo ndani ya Proposition 39, na ni zuri, lakini lina upande wa pili ambao kampeni huunyamazia: jengo la maabara la dola milioni 60 huja bila mtu wa kulifagia. Umeme, kiyoyozi, ulinzi na fundi wa lifti vyote vinatoka kwenye bajeti ya kawaida ya chuo, na bajeti hiyo kwa sehemu kubwa inafuata idadi ya wanafunzi. Wakati wa korona uandikishaji katika vyuo vya jamii vya California uliporomoka, na wanafunzi wengi waliobaki wakazoea masomo ya mtandaoni. Kwa hiyo swali la kwanza la kuwauliza wadhamini ni hili: mita za mraba zinazoongezwa zitaendeshwa kwa fungu gani, na ni majengo gani ya zamani yatabomolewa ili mzigo usiongezeke? Wilaya iliyojipanga ina jibu la maandishi. Isiyojipanga itakurudishia wauguzi na wazima moto.

Bei

Kwa wilaya ya chuo cha jamii, Proposition 39 inaweka ukomo wa dola 25 kwa kila dola 100,000 za thamani iliyokadiriwa, kwa kila uchaguzi. Chukua nyumba iliyokadiriwa dola 600,000 ambayo mwenyewe anaishi humo. Anapata punguzo la mwenye nyumba la dola 7,000, inabaki 593,000. Zidisha: dola 148.25 kwa mwaka kwa hoja moja ikitozwa hadi ukomo.

Thamani iliyokadiriwa si bei ya sokoni. Tangu Proposition 13 ya mwaka 1978, thamani hiyo haiwezi kupanda zaidi ya asilimia 2 kwa mwaka mpaka nyumba iuzwe au ijengwe upya. Ndiyo maana majirani wawili wenye nyumba za ramani moja wanaweza kulipa tofauti mara nne au tano, na familia iliyohamia juzi ndiyo inayobeba mzigo mkubwa. Wahamiaji wengi wako upande huo. Mwenye kadi ya ukaazi wa kudumu analipa kodi hii lakini hapigi kura. Mpangaji ambaye ni raia anapiga kura, na kodi inamfikia kwa mlango wa nyuma, ndani ya pango. Wazee nao wajue kwamba hatifungani hizi hazina msamaha wa umri. Msamaha huo huonekana kwenye kodi ya kiwanja (parcel tax), ambayo ni bidhaa nyingine kabisa na inahitaji theluthi mbili ya kura.

Maneno “kwa kila uchaguzi” nimeyaweka kwa makusudi. Los Angeles wapiga kura walipitisha dola bilioni 1.245 mwaka 2001, milioni 980 mwaka 2003, bilioni 3.5 mwaka 2008, bilioni 3.3 mwaka 2016, kisha bilioni 5.3 za Measure LA mwaka 2022. Ni zaidi ya bilioni 14 kwa vyuo tisa. Hii haina maana kwamba mwenye nyumba analipa ukomo mara tano, kwa kuwa kila deni lina ratiba yake na ya zamani hupungua. Ina maana kwamba ile dola 25 si dari ya jumla. Jumla halisi ataikuta kwenye bili ya kodi ya kaunti, kwenye mstari wa madeni yaliyopigiwa kura. Mstari huo ni mfupi na watu wengi huuruka.

Tena ukomo huo unapimwa kwa makadirio siku hatifungani zinapouzwa. Zikishauzwa, kaunti inalazimika kutoza kiasi chochote kinachotosha kulipa deni. Thamani za nyumba zikianguka, kiwango kinapanda, na mkopeshaji hana hasara.

Riba, mahali pesa inapoyeyukia

Karatasi inasema “dola milioni 100”. Ukizikopa kwa asilimia 4 na kuzilipa kwa mafungu sawa ya mwaka kwa miaka 30, utarudisha takriban milioni 173.5. Kwa miaka 25, milioni 160. Riba ikiwa asilimia 5 kwa miaka 30, milioni 195. Namba ya kukumbuka ni uwiano: jumla ya marejesho gawanya kwa deni la msingi. Chini ya 2 kwa 1 ni mkopo wa kawaida. Ukivuka hapo, uliza kwa nini.

Mfano unaotajwa kila mara si wa chuo. Ni wa wilaya ya shule za Poway, kaskazini mwa San Diego. Mwaka 2011 ilikopa dola milioni 105 kwa hatifungani za kulimbikiza riba, ambazo hazilipwi chochote kwa miaka mingi huku riba ikizaa riba. Marejesho yalikadiriwa kukaribia bilioni 1, na malipo yalipangwa kuanza miaka zaidi ya 20 baadaye. Sababu ilikuwa hesabu ya kisiasa: viongozi waliahidi kiwango cha kodi hakitapanda, thamani za nyumba zikaanguka baada ya 2008, na njia pekee ya kupata pesa bila kuvunja ahadi ikawa kuisukuma bili kwa watoto wa wapiga kura. Bunge la jimbo lilijibu mwaka 2013: hatifungani za aina hiyo zisizidi miaka 25, uwiano wa marejesho usizidi 4 kwa 1, na zile za zaidi ya miaka 10 ziwe zinaweza kulipwa mapema. Kwa hiyo hazijafutwa. Nne kwa moja bado ni mkopo mbaya, na wilaya nzuri huandika kwenye azimio lake kwamba haitazitumia. Usipoiona sentensi hiyo, hesabu kwamba mlango umeachwa wazi.

Kuna kanuni mbili za shirikisho zinazosaidia kusoma nia ya chuo. Hatifungani zisizotozwa kodi ya mapato huuzwa kwa matarajio ya kweli kwamba walau asilimia 85 ya fedha itatumika ndani ya miaka mitatu. Ndiyo sababu bilioni 3.5 haziuzwi siku moja, bali mfululizo A, B, C, kwa miaka kumi na zaidi. Na wastani wa muda wa deni haupaswi kuzidi asilimia 120 ya wastani wa uhai wa kinachonunuliwa. Kompyuta inakufa baada ya miaka mitano. Ukiona kompyuta na projekta zimo kwenye orodha, tafuta kama chuo kimeahidi kuzilipia kwa mfululizo wa muda mfupi. Kununua kompyuta kwa deni la miaka 30 ni sawa na kukopa nyumba ili kununua unga.

Orodha ya miradi

Hapa ndipo bidhaa nzuri inapotengana na mbovu. Sheria inataka orodha ya miradi mahususi na kiapo cha bodi kwamba imepima usalama, ukubwa wa madarasa na mahitaji ya teknolojia. Haitaki kila mradi uwe na bei yake. Matokeo yake ni sentensi za aina ya “kujenga, kukarabati, kuboresha au kubadilisha majengo ya kufundishia katika kampasi zote”, ambazo zinaruhusu kila kitu na hazimfungi mtu kwa lolote. Sentensi nzuri inataja jengo, kazi itakayofanyika, ukubwa, makadirio na mwaka wa kuanza. Kwa kuwa kijitabu cha mpiga kura hakina lazima ya kuyabeba hayo, yatafute kwenye mpango mkuu wa majengo wa chuo. Jumlisha bei za miradi yote. Mara nyingi jumla inazidi hatifungani inayoombwa, na maana yake ni kwamba baadhi ya kampasi zimeahidiwa jengo ambalo halina pesa. Zile zilizo mwisho wa foleni ndizo zitakazosubiri hoja inayofuata.

Halafu hesabu ya mfumuko wa bei. Jengo la milioni 50 leo, gharama zikipanda asilimia 5 kwa mwaka, ni milioni 60.8 baada ya miaka minne, na miaka minne kutoka kura hadi kuchimba msingi si mingi. Usanifu, upimaji wa udongo, vibali, ukaguzi, usimamizi na samani hula kati ya robo na theluthi ya bajeti ya mradi kabla hujahesabu zege. Makadirio yanayotaja gharama ya ujenzi peke yake yamekuficha sehemu hiyo.

Ujenzi wenyewe, na unapokwamia

Baada ya tetemeko la Long Beach la Machi 1933, lililobomoa shule nyingi, California ilipitisha sheria ya Field inayosimamia ujenzi wa shule, na vyuo vya jamii vimo. Michoro hupitiwa na idara ya jimbo ya usanifu ambayo kila mkandarasi huiita DSA. Kila mradi unakuwa na mkaguzi wake wa kudumu pale kiwanjani, na mwisho jengo linapewa cheti. Ni ukaguzi mkali kuliko wa jengo la kawaida la manispaa, na ni miongoni mwa sababu za majengo haya kuwa ghali. Mtu anayepigia kelele gharama bila kuutaja hajaelewa anacholipia.

Kosa linalojirudia si michoro. Ni kufunga faili. Mkandarasi anamaliza, wanafunzi wanaingia, lakini fomu za mabadiliko yaliyofanyika kiwanjani hazijakusanywa na kupelekwa, na cheti hakitoki. Miaka kumi baadaye chuo kinataka kuongeza ghorofa au kuvunja ukuta, DSA inakataa kupokea michoro mpya mpaka ile ya zamani ifungwe, na fundi aliyejua bomba lilihamishiwa wapi amekwisha kustaafu. Kulisafisha faili la namna hiyo kunaweza kugharimu kufungua kuta ili kuthibitisha nondo.

Kosa la pili ni mabadiliko ya kazi katikati ya mradi. Kampasi za miaka ya 1950 na 1960 zimejaa mabomba na nyaya ambazo hakuna ramani inayozionyesha. Chuo kinachotumia fedha kidogo mapema kupima ardhi na kutafuta mabomba kinaokoa nyingi baadaye. Chuo kinachoruka hatua hiyo kitalipa mkandarasi kwa siku alizosimama kusubiri uamuzi, na siku hizo huwa na bei kuliko bomba lenyewe. Akiba ya dharura ya asilimia 10 kwa jengo la kukarabati ni kiasi cha chini. Wanaoweka 5 wanajidanganya.

Los Angeles ndiyo somo kubwa. Mwaka 2011 gazeti la Los Angeles Times lilichapisha mfululizo wa makala kuhusu mpango wa ujenzi wa wilaya hiyo, uliokuwa wakati huo na dola bilioni 5.7, likaonyesha mipango mibovu, kazi zilizorudiwa na mamilioni yaliyopotea. Mwaka huohuo ukaguzi wa Mdhibiti wa Hesabu wa jimbo nao uliukosoa usimamizi wa fedha. Kusini zaidi, Southwestern College ya Chula Vista, iliyopitisha hatifungani ya milioni 389 mwaka 2008, iliingia pamoja na wilaya jirani za shule kwenye kesi za zawadi na karamu zilizolipwa na wakandarasi. Kesi nyingi ziliisha kwa washtakiwa kukiri makosa.

Palepale jirani, wilaya ya vyuo vya San Diego ilipata milioni 685 mwaka 2002 na milioni 870 mwaka 2006, Proposition S na N, na kwa jumla hiyo ya bilioni 1.555 ikajenga na kukarabati katika kampasi za City, Mesa, Miramar na za elimu endelevu. Mwaka 2024 ikarudi na Measure HH ya bilioni 3.5, na wapiga kura wakaipitisha. Sheria ni moja na ukomo ni mmoja, kwa hiyo jina “hatifungani” peke yake halikuambii utapata nini. Angalia ni akina nani wanaoendesha.

Kamati ya wananchi

Kampeni zote hutangaza “usimamizi wa wananchi”. Kamati hiyo lazima iundwe ndani ya siku 60 baada ya bodi kuingiza matokeo kwenye kumbukumbu. Ina watu wasiopungua saba, wakiwemo mtu wa jumuiya ya wafanyabiashara, wa chama cha wazee, wa chama cha walipa kodi, mwanafunzi na mtu wa kikundi kinachokisaidia chuo. Wafanyakazi, washauri na wakandarasi wa chuo hawaruhusiwi. Yote mazuri. Ila kamati haina mamlaka ya kusimamisha malipo hata moja. Inasoma ripoti za fedha zilizokwisha kutumika na kuueleza umma. Kiti cha walipa kodi mara nyingi hukaa kitupu kwa miezi. Wenye meno ni wakaguzi wawili wa kila mwaka, wa hesabu na wa utendaji, ambao ripoti zao hutakiwa kufikia Machi 31, na mlipa kodi yeyote, ambaye sheria inamruhusu kwenda mahakamani kuzuia matumizi yaliyo nje ya orodha.

Uamuzi

Kwa kulinganisha na njia nyingine za kujenga chuo, hii bado ndiyo bora. Chuo hakiwezi kuweka akiba ya jengo la milioni 60 kutoka kwenye bajeti ya mishahara. Fedha za jimbo, kama bilioni 2 za vyuo vya jamii ndani ya Proposition 51 ya 2016 au bilioni 1.5 ndani ya Proposition 2 ya 2024, hugawiwa kwa ushindani, na wilaya isiyo na mchango wake inabaki nyuma ya foleni. Nyota nne kwa muundo. Kwa lebo ya maneno 75, moja.

Kijitabu kikifika nyumbani, ruka hoja yenyewe uanze na taarifa ya kiwango cha kodi: tafuta jumla ya marejesho, igawanye kwa deni la msingi. Kisha orodha ya miradi. Kisha uchambuzi wa wakili wa kaunti. Hoja za kuunga mkono na kupinga, maneno 300 kila upande, zisome mwisho. Ukikuta hakuna ya kupinga, ni kwamba tu hakuna aliyeileta kabla ya tarehe. Chuo chenyewe kinakatazwa kutumia fedha za umma kushawishi, kwa hiyo mabango yamelipwa na wengine. Majina yao yamo kwenye fomu za uchangiaji zilizowasilishwa kaunti, na mara nyingi ni wasanifu, wakandarasi, vyama vya mafundi na benki zinazouza hatifungani.

Ikipita, vikao vya kamati viko wazi, kumbukumbu huwekwa kwenye tovuti ya chuo, na anayeingia halazimishwi kuandika jina lake wala haulizwi uraia. Asiyepiga kura lakini anayelipa anaweza kusimama wakati wa maoni ya umma na kuuliza mambo matatu: akiba ya dharura imebaki kiasi gani, majengo mangapi yaliyokwisha kuanza kutumika hayana cheti cha DSA, na mfululizo wa mwisho uliuzwa kwa uwiano gani.